Unga Mweupe wa Magunzi

Jumatatu, 3 Juni

Profesa amenirudishia daftari la maabara likiwa limejaa wino mwekundu. Pembeni ameandika: "Bwana fundi, hapa ni mahali pa vipimo, si pa masimulizi." Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeeleza, kwa nusu ukurasa tu, jinsi mashine ya kuzungusha mirija ilivyonguruma hadi mtunza ghala akaacha chai yake na kutoka nje mbio. Mimi niliona ni habari muhimu. Lakini mkubwa ni mkubwa. Nimenunua daftari hili la pili. Lile la maabara nitaliandikia kwa ufupi anaoutaka yeye, na hili nitalimwagia yaliyobaki.

Leo yameletwa magunia kumi na mawili ya magunzi kutoka kwenye mashine ya kupukuchulia mahindi. Mavuno yameanza. Wengine hubeba mahindi wakaacha magunzi yawe kuni. Sisi tunafuata magunzi, mahindi wale wenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya maandalizi najiona kama bwana harusi. Magunzi husagwa, huoshwa kwa maji mara tatu, kisha huchemshwa kwenye kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mabomba. Soda inalegeza kuta za seli, na zailani, ule uzi mrefu wa sukari uliojificha humo, inatoka na kuyeyuka. Nachuja, natia asidi kuituliza soda, halafu namwaga spiriti, na hapo ndipo penye raha: majimaji yaliyokuwa kama chai ya rangi yanajaa mawingu. Nayakusanya, nayakausha, nayasaga. Unga unatoka mweupe kushinda wa ngano. Profesa alinifundisha kazi hii miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa bado na nywele, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniambia unga wangu ni mchafu.

Nilipotia asidi, maabara ilinuka siki, kama inavyonuka siku zote za maandalizi. Mtunza ghala akachungulia mlangoni. "Mmefungua mgahawa, mzee? Niletee menyu."

Kwenye daftari la Profesa nimeandika: "Zailani ya gunzi, gramu mia mbili, imeandaliwa kama kawaida." Maneno tisa. Atafurahi.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Ya nini sasa, wakati wa mavuno?

Jumatano, 12 Juni

Nimemkabidhi unga Mama Ukungu. Si mama wa mtu yeyote. Tunamwita hivyo kwa sababu analea ukungu kwenye visahani, na kila asubuhi anawasalimu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, akaomba ruhusa aje kusomea shahada ya uzamivu, na mkuu wa shule amemshikia nafasi yake mpaka Agosti. Ualimu haujamtoka. Ukimuuliza jambo, anakutafutia chaki.

"Kaka, zailani ifikirie kama tawi la mti," aliniambia. "Ufito wenyewe ni sukari, zailosi, imeshikana moja na nyingine, mia na zaidi. Pembeni kuna majani. Hapa kuna sukari nyingine, pale kuna asidi, na kila baada ya hatua mbili tatu kuna kikonyo kidogo cha asetili. Vikonyo hivyo ndivyo adui. Kimeng'enya cha kukata ufito kikija, hakipati pa kuuma."

"Na ukungu wako unakata ufito?"

"Wakata fito wako tele, hata madukani wanauzwa. Wangu unapukutisha vikonyo. Ukishapukutisha, mkataji anapita kama panga kwenye shamba lililopaliliwa."

Ukungu huo unaitwa Namba Kumi na Saba. Aliuokota kwenye magunzi yaliyooza nyuma ya ghala letu. Kwenye rangi ya majaribio, ile kemikali inayogeuka rangi kikonyo kikikatwa, unafanya kazi vizuri sana. Sasa unajaribiwa kwenye zailani yenyewe, yaani kwenye unga wangu. Nilimtakia heri, nikamkumbusha akifunika chupa asikaze kifuniko kama anamnyonga mtu.

Ijumaa, 21 Juni

Sifuri. Amerudia mara nne. Mashine yake inayopima kilichopukutika inachora mstari uliolala chini kabisa. Nimemwambia labda Namba Kumi na Saba haijaamka vizuri. Hakucheka.

Jumapili, 23 Juni

Mke wangu anaoka mikate ya kuuza, na mimi Jumapili ndiye mpakiaji wake. Leo aliniuliza, baada ya miaka yote hii ya ndoa, zailani ni nini hasa.

"Imo hata kwenye ngano yako," nikamwambia. "Inakunywa maji yote ya kinyunga na kuyang'ang'ania. Ukiikata kidogo inayaachia, mkate unaumuka, unakuwa laini."

"Inakatwa na nini?"

"Kimeng'enya. Kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti yako ya hamira."

Akaichukua pakiti, akavaa miwani, akasoma. "Kumbe baba watoto unafanya kazi ya maana," alisema. "Mimi nilidhani unachemsha takataka."

Nilimwambia yote mawili ni kweli.

Ijumaa, 28 Juni

Sifuri. Mvua.

Jumatatu, 1 Julai

Profesa ametuita ofisini kwake, Mama Ukungu na mimi, mimi nikiwa kama shahidi. Alizungumza kwa upole, na kwake upole ni dalili mbaya.

"Rangi ya majaribio inadanganya, mwanangu. Vimeng'enya vingi huishambulia rangi na kuishindwa zailani. Kamati inakaa tarehe tisa Agosti. Muda wako tulishauongeza mara moja. Ukija na mstari ule ule, sitakuwa na la kukutetea."

"Na nikija na mstari uliopanda?"

"Ukija na uliopanda, wenye viwanda vya karatasi watapiga foleni mlangoni. Wanaichoma massa, ule uji wa mbao, kwa klorini ili iwe nyeupe. Zailani ikikatwa kwanza, klorini inapungua kwa robo. Lakini njoo nao."

Tulipotoka nje Mama Ukungu alihesabu siku kwa vidole, akarudia. Kwa hiyo mambo ndiyo hayo: mstari upande kabla ya tarehe tisa, ama arudi darasani.

Alhamisi, 4 Julai

Mama Ukungu ameleta mwani mwekundu uliokaushwa. Ulinuka hadi mtunza ghala akaomba ruhusa ya ugonjwa.

Mwani una zailani pia, lakini ya namna yake. Ya huu mwekundu inatoka kwa maji tu, haitaki soda. Ufito wake una mikunjo hapa na pale, kwa sababu sukari nyingine zimeshikana kwa upande usio wa kawaida, kwa hiyo haulali sawasawa na mwenzake. Mama Ukungu anasema iko miani ya kijani ambayo haina kabisa selulosi kwenye kuta zake. Huko zailani ndiyo nguzo, imesokotwa kama kamba. Nilisikiliza kwa adabu zote. Nilichotaka kujua ni kwa nini umeletwa.

"Kwa kulinganisha, kaka. Zailani ya mwani huu haina majani wala vikonyo. Iko uchi. Kwa hiyo Namba Kumi na Saba lazima ipate sifuri hapo. Nikiona sifuri kwenye mwani na namba kubwa kwenye gunzi, nina ushahidi."

Jioni alinionyesha mistari miwili. Gunzi na mwani zimelala pamoja, sifuri kwa sifuri, kama mapacha.

"Angalau nusu ya ushahidi ninayo," alisema.

Alhamisi, 11 Julai

Niandike ukweli, kwa kuwa humu Profesa hapiti na wino wake. Leo nilimwambia mtunza ghala kwamba Mama Ukungu haoshi mirija vizuri. Nikasema hawa wanaokuja kutoka ualimu wanajua kueleza kuliko kutenda. Mtunza ghala akakubali kwa sababu ana kinyongo cha mwani. Tukafurahi sana, wazee wawili tumekalia makreti.

Jumanne, 16 Julai

Paa la ghala limevuja. Kati ya magunia yaliyobaki, moja tu ndilo kavu. Mengine yameota ukungu wa kila rangi. Mama Ukungu aliyatazama kwa uchu wa mtu aliyefika sokoni.

Nikamwonea huruma. Nikasema nitamfanyia unga bora kuliko wote niliowahi kutengeneza. Nilichukua magunzi ya lile gunia kavu, nusu yake, nikayachemsha kwenye soda mara mbili badala ya moja. Unga umetoka mweupe wa kuumiza macho. Alipouona akaniambia, "Kaka, Mungu akubariki." Nikajikuna kisogo kwa unyenyekevu.

Jumatano, 24 Julai

Sifuri. Tena imelala chini kuliko ile ya kwanza.

Nimemkuta anaandika barua kwa mkuu wa shule kwamba Agosti atakuwepo. Ameandika kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Nikamuuliza atafundisha kidato gani. Akasema watakachompa. Kisha akaanza kuosha mirija, mmoja mmoja, kwa brashi, kwa sabuni, kwa maji ya bomba, kwa maji yaliyotoneshwa. Nilisimama pale nikamtazama akiosha mirija arobaini. Hakuna mtu aliyewahi kuosha mirija vizuri kiasi kile katika jengo lile, mimi nikiwemo.

Alhamisi, 25 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa namalizia majimaji ya maandalizi ya wiki iliyopita, yale yanayobaki baada ya kutoa unga. Ya mchemsho wa pili nilikuwa bado sijayatuliza vya kutosha, na soda haimwagwi hivi hivi. Nikatia asidi kidogo kidogo. Harufu ikapanda. Mtunza ghala akapita kwenye korido na mzaha wake uliochakaa: "Siki leo tena? Hamna hata nyanya?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikakwama.

Siki hiyo inatoka wapi? Mimi siki siitii. Natia magunzi, maji, soda na asidi ya chumvi. Miaka ishirini na miwili nimenusa siki siku za maandalizi, nikaichukua kama sehemu ya kazi, kama jasho. Na siki ni asidi ya asetiki. Najua, kwa sababu chupa yake kabatini nimeiandikia lebo kwa mkono wangu. Asetiki. Asetili. Nikakaa kwenye stuli.

Soda inalegeza kuta za seli, sawa. Lakini soda haiishii hapo. Inapukutisha vikonyo, vyote, kwa dakika chache, kazi ile ile ambayo ukungu wa watu unahangaika nayo siku nzima. Namba Kumi na Saba inaletewa tawi ambalo mimi nimekwisha kulipura majani. Ndiyo maana gunzi langu lililala sambamba na mwani. Mwani uko uchi kwa maumbile. Langu nimelivua nguo mimi. Na wiki iliyopita, kwa wema wangu wote, nililivua mara mbili.

Sikutaka kuamini kwa pua peke yake. Nilichukua tone la yale majimaji, nikaliingiza kwenye mashine ya Mama Ukungu mwenyewe alipokwenda kula. Mstari ulipanda mpaka ukatoka juu ya karatasi. Wiki zote hizi anatafuta kitu hicho ndani ya unga wangu, na mimi nakimwaga kwenye sinki.

Nilikwenda kwenye daftari la maabara kuona niliandika nini. Kila mahali: "imeandaliwa kama kawaida." Hata angetaka kunikamata asingepata pa kushika.

Nilizima mashine, nikaichana karatasi. Alirudi, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto. Nje ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, 26 Julai

Sijasema.

Jumamosi, 27 Julai

Nilimweleza mke wangu tukiwa tunapanga mikate. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha.

"Anajua?"

"Bado. Nafikiria namna ya kumwambia. Ningeweza kutengeneza unga mwingine kimya kimya, nikasema nimebahatika kupata aina bora ya..."

"Ya nini? Ya uongo?" Aliweka trei chini. "Mwenzio amekwisha kuandika barua. Wewe unatafuta namna ya kuokoka bila kulowa."

"Miaka ishirini na miwili, mama watoto. Jina langu pale ni unga ule."

"Basi jina lako lina siki."

Alirudi kwenye mikate yake. Mimi nilipakia kumi na mbili badala ya kumi kwenye kila boksi, na hakunirekebisha mpaka la sita.

Jumatatu, 29 Julai

Nimesema. Nilimkuta asubuhi akisalimia visahani vyake. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikapotea yote, nikasema tu, "Dada, ukungu wako hauna kosa. Kosa ni langu," nikamwonyesha karatasi ya ile siki, ambayo nilikuwa nimeipima upya alfajiri ili awe na ushahidi mkononi.

Aliitazama muda mrefu. Akaniuliza soda ilikuwa na nguvu kiasi gani, nikamjibu. Moto kiasi gani, nikamjibu. Akafunga macho.

"Wiki saba, kaka."

"Ndiyo."

"Nilikuwa naota namba sifuri. Niliwaambia hawa," akaonyesha visahani, "kwamba hawafai."

"Ndiyo, dada."

"Usiniambie ndiyo! Niambie kwa nini hukuniambia unatumia soda!"

"Hukuniuliza," nikasema, na hapo hapo nikatamani kulirudisha neno tumboni.

Alisimama. Nikadhani atanipiga, na ningemsogezea shavu. Badala yake akazunguka meza mara mbili, akashika ukuta. "Kweli," alisema bila kunitazama. "Sikukuuliza. Nilichukua unga kama mtu anavyochukua maji bombani." Kisha akageuka. "Barua nimeituma Ijumaa. Magunzi makavu yamebaki?"

"Nusu gunia."

"Na vikonyo visiguswe, tunachemsha na nini?"

"Maji," nikasema. "Maji matupu, kwenye mtungi wa mvuke."

Alinikasirikia siku nzima. Lakini alinikasirikia akiwa anasaga magunzi.

Alhamisi, 1 Agosti

Maji matupu si mchezo. Mchemsho wa kwanza umetoa kijiko. Wa pili umetoa vijiko viwili. Unga wenyewe ni wa kahawia, una mabonge, unafanana na vumbi la nyuma ya kabati. Nimeipa chupa kisogo ili nisiutazame.

Jumanne, 6 Agosti

Gramu kumi na mbili jumla. Gunia limekwisha. Hakuna kurudia.

Alhamisi, 8 Agosti

Saa tatu asubuhi aliweka mirija. Safari hii alinilazimisha nishike kalamu mimi. Mrija wenye unga wa kahawia peke yake: karibu sifuri. Unga mweupe na ukungu: sifuri, rafiki yetu wa siku zote. Mwani: sifuri. Unga wa kahawia na Namba Kumi na Saba: baada ya nusu saa mstari ukainua kichwa. Baada ya saa moja ukapanda. Baada ya saa mbili nilikuwa naandika namba ambazo mkono wangu haujazizoea.

Kisha akatia na mkataji wa dukani. Akiwa peke yake alikuwa amekata kidogo, akachoka. Alipofuatana na Namba Kumi na Saba, ufito ukawa vipande vya sukari mbili mbili, tatu tatu, vile vidogo ambavyo anasema vinalisha bakteria wema wa matumboni.

Hakupiga kelele. Alichukua kile kisahani, akakiambia, "Nisamehe." Halafu akanitazama. "Na wewe kaka, nakudai chai."

Ijumaa, 9 Agosti

Kazi yangu kwenye kamati ni projekta na maji ya kunywa. Nilikaa nyuma. Mama Ukungu alieleza vizuri, vile vile kama tawi la mti, na hata mjumbe mnene aliyekuwa anasinzia aliamka maelezo yalipofika kwenye majani. Alipoonyesha mstari, Profesa alisogea mbele kwenye kiti.

Mjumbe mwenye miwani akauliza: "Haya yote ni ya jana. Juni na Julai ulikuwa unafanya nini?"

"Kulikuwa na tatizo la maandalizi," alisema. Niliona hatalimalizia.

Nikasimama. Nilikuwa bado nina jagi la maji mkononi. "Maandalizi ni mimi," nikasema. "Nilikuwa natumia soda. Soda inaondoa kile anachokitafuta. Hakujua, kwa sababu sikuandika."

Mjumbe akaniuliza njia hiyo niliitoa wapi.

Sikutaka kumtazama Profesa, lakini shingo ilikwenda yenyewe. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Kwangu," alisema. "Mwaka ule tulitaka ufito tu. Sikumwambia kwamba ni ya kazi ile tu." Aliivaa tena. "Na daftari nililichora mimi, nikimwambia aandike kwa ufupi."

Tulitolewa nje. Baada ya robo saa Profesa akatoka mwenyewe kutuambia: miezi sita zaidi, ya mwisho. Matokeo ya siku moja ni dalili, hayajawa ushahidi. Arudie yote kwa magunzi mapya. Akiangukia hapo, basi.

Na mkuu wa shule, ingawa barua ilikuwa imemfikia, alikuwa anataka athibitishe leo, kabla ya saa kumi, maana kuna mtu mwingine anaingoja nafasi ile.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Simu ilikuwa mapajani mwake.

"Ile ni kazi ya uhakika," alisema. "Hii ni ya miezi sita na gunzi. Nikiiacha ile, naegemea unga wako, kaka."

Ningeweza kumwambia asiwe na shaka. Miezi miwili iliyopita ningesema hivyo haraka sana. "Mimi ningeogopa," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, akapiga simu. "Shikamoo, mkuu. Samahani kwa ile barua. Mpeni mwenzangu nafasi." Alipokata, aliitia simu mfukoni, akasimama.

Jumatatu, 12 Agosti

Mvua imekatika. Magunia mapya sita. Nilifika saa moja na nusu nikamkuta amefika, amevaa koti, amesimama kando ya sinki langu na daftari la maabara.

"Fanya kazi yako," alisema. "Mimi nauliza."

Nimepata kufanya kazi na wakaguzi, na panya, na paa linalovuja. Sijawahi kufanya kazi na kitu kama hiki. Kwa nini unasaga mpaka hapo? Kwa nini ungo huu? Kwa nini saa moja na si mbili? Nilijibu la kwanza kwa kujiamini, la pili kwa sauti ndogo. La tatu nikasema, "Ndivyo inavyofanywa." Akasubiri. "Sijui," nikasema. Akaandika: Hajui. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima.

Kufikia saa sita tulikuwa na Hajui tisa. Nilikuwa nimelowa jasho, na nimekereka, na kwa namna fulani sikutaka iishe. Aligeuza daftari upande wangu, akaniuliza tuanze kuijaribu ipi.

Nikamwambia ile ya maji. Miaka ishirini na miwili nimeosha magunzi mara tatu, na sijui ya tatu inaosha nini.